Unyayo wa Mama Cheche

Mama Cheche hana mtoto anayeitwa Cheche. Jina hilo alibandikwa na wauza nyama wa sokoni zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na limemganda kiasi kwamba hata mumewe akiulizwa jina halisi la mkewe huanza kwa kukohoa. Kazi yake ni kunoa. Ananoa visu vya buchani, mikasi ya vinyozi na ya mafundi cherehani, mapanga, na mara mojamoja msumeno wa seremala. Kila kinachokata katika mitaa mitatu ya jirani kimepita mikononi mwake, na kikiwa butu lawama ni zake.

Mashine yake aliirithi kwa baba yake. Ni fremu ya chuma yenye jiwe la mviringo juu na ubao wa kukanyagia chini, vikiunganishwa na fimbo nene. Ukikanyaga jiwe linazunguka, ukiacha linalala. Haina umeme wala mkanda, na hakuna cha kuibiwa isipokuwa jiwe lenyewe, ambalo ni zito kuliko mwizi.

Baba alimfundisha mwaka mzima kabla ya kumpa kisu cha mtu, na somo la kwanza lilikuwa kuvua kiatu. "Macho yatakudanganya," alimwambia, "maana cheche ni nzuri, ukizitazama unasahau kisu. Masikio nayo yanazibwa na kelele za barabara. Usikilize mguu." Alikuwa na maana kamili. Ukikandamiza chuma kupita kiasi, jiwe linasita kidogo, na kusita huko kunashuka kwenye fimbo hadi kwenye ubao. Ni mtetemo mdogo sana, kama wa nzi uliyemfumbata kiganjani. Unyayo mtupu unauhisi kabla chuma hakijapata moto, nawe unalegeza mkono. Asiyeuhisi anaunguza, na chuma kikishaungua kinageuka rangi ya buluu na hakishiki makali tena.

Kwa hiyo unyayo wa kulia wa Mama Cheche ulikuwa mali. Nyumbani ulikuwa na kazi nyingine. Mumewe ni fundi magodoro, mtu mpole ambaye hajawahi kuonekana bila kipande cha pamba kwenye nywele, na tangu wiki ya kwanza ya ndoa yao alikuwa na njia moja tu ya kumwamsha mkewe. Anakaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kinalia, anachukua kijipamba na kumtekenya unyayo. Mama huyu, ambaye wauza nyama wanamwogopa, anacheka hadi ukuta unasikia. Jirani wa upande wa pili alikuwa hana haja ya saa. Akisikia kile kicheko anabandika chai.

Basi ikaja asubuhi moja ambayo Mama Cheche alikuwa macho, ila amefumba tu. Akasikia kitanda kinalia. Akangoja. Akaendelea kungoja. Ndipo akaelewa kwamba mumewe alikuwa anamtekenya tayari.

Haikuwa ghafla kama inavyosikika. Kwa wiki kadhaa unyayo ulikuwa unawaka moto kila akimaliza kazi, kisha unaingia ganzi, kisha unachomachoma kama umekanyaga sisimizi. Nyuma ya kifundo cha ndani kulikuwa na kivimbe kilaini cha ukubwa wa harage. Alipokibonyeza siku moja akipaka mafuta, shoti ilimpiga hadi kwenye kidole gumba akaangusha chupa. Baada ya hapo alinunua soksi ndefu na kuacha kukibonyeza, na hiyo ndiyo tiba aliyojiandikia.

Asubuhi ile alifungua mdomo akacheka. Alicheka vibaya, kwa kuchelewa, kama mtu aliyesimuliwa kichekesho kwa lugha asiyoijua. Mumewe akaridhika na kwenda kuchemsha maji.

Kwa nini asiseme? Swali zuri, na wifi yake alikuja kumuuliza kwa maneno makali kuliko haya. Jibu lilikuwa stoo. Macho ya baba yake yalipoanza kuona ukungu, kaka zake waliamua, kwa mapenzi kabisa, kwamba mzee apumzike. Wakaibeba mashine mchana mmoja wakaiingiza stoo. Mzee alikaa miaka minne kwenye kiti akisugua kidole gumba juu ya ukingo wa meza, akipima makali ambayo hayapo. Mama Cheche ndiye aliyeitoa mashine ile stoo, na aliapa hairudi. Isitoshe mkwewe, mume wa binti yake, ni fundi umeme, na kwa muda mrefu amekuwa akiitazama ile fimbo kwa macho ya huruma. "Mama, nikufungie mota," husema kwa adabu zake zote. "Ukae tu." Kukaa tu ndiko Mama Cheche alikokuogopa kuliko ugonjwa.

Akacheka hivyo miezi mitano. Alizoea hata akawa mzuri kwa kazi hiyo. Kitanda kikilia tu, yeye anaangua.

Kilichomuumbua kwanza ni mkasi. Wifi yake, dada wa mumewe, ni fundi cherehani, mwanamke mrefu anayeongea huku pini zimejaa mdomoni na bado anaeleweka. Alileta mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ule aliorithi kwa marehemu mama yao, na ulikuwa haujawahi kunolewa na mtu mwingine ila Mama Cheche na baba yake kabla yake. Wifi akauacha, akarudi saa kumi. Mama Cheche alikuwa amesimama kando ya mashine, mkasi uko mezani, na ukingo mzima wa bapa moja una rangi ya buluu.

Wifi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine. Hilo lilikuwa la kuogopesha.

"Chuma chenyewe kimechoka, wifi," Mama Cheche alisema.

"Chuma kilichokata sare za mtaa mzima miaka hamsini kimechoka leo? Tena mikononi mwako?"

"Vitu vinazeeka."

"Watu ndio wanazeeka. Na wengine wanazeeka na uongo." Akaufunga mkasi kwenye kitambaa. "Mficha maradhi, wifi, kifo humuumbua. Sisemi zaidi."

Na kweli hakusema zaidi kwake. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha magodoro, akamvuta kaka yake kutoka kwenye lundo la pamba na kumwambia, "Mkeo ana kitu."

Kesho yake asubuhi fundi magodoro alikaa ukingoni mwa kitanda kama kawaida. Kitanda kikalia. Mama Cheche akaangua kicheko, kirefu, chenye kupanda na kushuka, na pengine ndicho kilichokuwa bora kuliko vyote vya miezi ile. Alipofumbua macho alimwona mumewe amekaa, mikono yote miwili ameikunja kifuani.

"Unacheka nini?" mume aliuliza taratibu.

"Si unanitekenya?"

"Sijakugusa."

Za mwizi ni arobaini. Mama Cheche aliitazama ile mikono iliyokunjwa, akatafuta uongo mwingine, akakuta umekwisha. Machozi yakamtoka. Akamwambia yote, kivimbe, moto, ganzi, mkasi, na stoo. Mumewe alisikiliza huku ameushika ule mguu mapajani, akiugeuza kama mtu aliyeletewa godoro lenye kasoro.

"Miezi mitano," hatimaye alisema. "Miezi mitano natekenya gogo."

Mama Cheche akacheka katikati ya kulia, na kile hakikuwa cha kuigiza. Waliondoka kwenda zahanati kabla hata chai haijaiva, na jirani aliyekuwa ameshabandika sufuria yake alijinywea peke yake.

Zahanati walikipima, wakakichoma sindano na kuvuta ute mzito, mweupe, kama gundi ya maji. Kivimbe kikalala palepale. Kwa wiki mbili Mama Cheche alitembea kwa maringo. Wiki ya tatu harage likarudi, na mwezi haujaisha likawa zaidi ya harage. Wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Huko alilazwa ndani ya mashine ya kupiga picha, bomba jeupe linalogonga kama mafundi bati wanaogombana, kisha akaketishwa mbele ya daktari bingwa wa upasuaji. Alikuwa dada mfupi, mchanga, mwenye kucha fupi na mikono iliyotulia. Mama Cheche aliitazama ile mikono kwanza, kama anavyowatazama wote wanaoshika vyuma, akaikubali.

"Mama, hiki kivimbe hakiko kando ya mshipa wa fahamu," daktari alisema, akachora kwenye karatasi. "Kiko ndani yake. Huu mshipa ndio unaoleta hisia zote za unyayo, unapita hapa nyuma ya kifundo. Sasa kiungo chako kina ute wake wa kulainisha, kama grisi. Na mshipa una tawi dogo, jembamba sana, linaloingia kwenye kiungo. Ute umepata upenyo pale. Umepanda na hilo tawi hadi ndani ya mshipa mkubwa, ukajaa, unaubana kutoka ndani."

"Na wale wa sindano?"

"Walitoa ute. Njia ikabaki wazi."

"Yaani walipiga deki na bomba linamwagika."

Daktari akacheka. "Hivyo hivyo, mama. Mimi nitalifunga bomba. Nitakata lile tawi na kuutoa ute. Lakini nisikudanganye, hisia sikuahidi. Mshipa uliobanwa muda mrefu hivi unaweza kurudi, unaweza usirudi. Ukirudi, unatembea polepole, kama milimita moja kwa siku."

Mama Cheche alishusha mkono, akapima kwa shubiri kutoka kwenye kifundo hadi kwenye vidole. Shubiri moja na kidogo. Alifumba macho akapiga hesabu. "Miezi saba," alisema. "Ungeniambia mapema hivi ningekuja mapema."

"Ungekuja mapema ningekuambia mapema," daktari alijibu, na kuanzia hapo walipatana.

Alipasuliwa akiwa macho, amechomwa ganzi ya mgongoni, pazia la kijani limewekwa asione. Hakuona, lakini mdomo haukuchomwa ganzi. Aliuliza visu vile vinanolewa na nani. Akajibiwa kwamba havinolewi, vinatumika mara moja kisha vinatupwa.

"Vinatupwa?"

"Vinatupwa, mama."

Mama Cheche aliona uchungu wa kweli. Kisha akaanza. Kwa saa nzima na nusu watu wa chumba kile walielezwa habari za chuma, za heshima ya chombo, za baba yake, na za kizazi kinachotupa kisu ambacho hata hakijachoka. Muuguzi mmoja alisema baadaye kwamba hajapata kuona mgonjwa anayekisikitikia kisu kuliko mguu wake. Daktari alikuwa anatafuta tawi jembamba kama uzi wa kushonea, na alipolipata akalifunga na kulikata, ndipo akasema, "Bomba limefungwa, mama. Endelea."

Nyumbani mguu uliwekwa juu ya godoro dogo alilolishona mumewe maalumu, laini kupita kiasi, na wageni wote walitaka kulijaribu. Mkwe alikuja na sanduku. Ndani yake mlikuwa na mota mpya.

"Mama, si kwamba nakulazimisha," alisema, amesimama mlangoni. "Iwepo tu."

"Asante, mwanangu," Mama Cheche alijibu. Sanduku likasukumwa chini ya kitanda.

Wifi naye alikuja. Alitundika mkasi wake, bado umefungwa kwenye kitambaa, kwenye msumari juu ya mashine. Mkasi ulioungua unaweza kuponywa, lakini kwa njia moja. Unaondoa sehemu yote ya buluu, taratibu, nyembamba kwa nyembamba, bila kuupasha moto hata kidogo. Bapa lake lilikuwa limebaki jembamba. Likiungua mara ya pili basi, ni la kufungulia makopo.

"Mpelekee yule mnoaji mwenye mota, kule stendi," Mama Cheche alimwambia.

"Sitaki. Umeuharibu mwenyewe, utautengeneza mwenyewe," wifi alisema. "Mimi nitakatia mkasi wa mkopo, na kila nikikata vibaya nitakutaja kwa jina."

Mke na mume wakawekeana sharti moja, kwamba hakuna tena kicheko cha kuigiza. Kila asubuhi fundi magodoro alikaa ukingoni, akagusa unyayo na kijipamba, na mkewe akasema ukweli. "Bado." Anasogeza kidogo kuelekea kisiginoni. "Bado." Wifi aliwapa chaki yake ya kuchoria vitambaa, na kila Jumapili walichora mstari pale hisia zilipofikia. Mwezi wa kwanza hakukuwa na cha kuchora. Mwezi wa pili kisigino kikaamka. Mwezi wa nne, akitoka sokoni, kokoto ilimwingia kwenye kandambili, na Mama Cheche akasimama katikati ya njia na vitunguu vyake.

"Vipi, Mama Cheche, unaumwa?" muuza nyama aliuliza kutoka buchani.

"Inauma," alisema kwa furaha isiyo ya kawaida. "Inauma kabisa." Akatembea na ile kokoto hadi nyumbani, kwa makusudi.

Lakini mwezi wa sita chaki iligoma. Mstari ulifika chini ya vidole, pale palipo panene, sehemu ileile inayokaa juu ya ubao, ukakaa hapo. Jumapili ya kwanza haukusogea, ya pili haukusogea. Mwezi wa saba ukaingia, mstari uko palepale. Mama Cheche alichukua kisu chake mwenyewe cha jikoni, akaenda kwenye mashine bila kumwambia mtu, akavua kiatu na kukanyaga. Jiwe lilizunguka. Cheche ziliruka, nzuri kama zamani. Mguu haukumwambia kitu. Alipokitazama kisu, ncha ilikuwa ya buluu.

Alikiosha akakirudisha kwenye droo. Siku mbili alikuwa mpole, na upole wake uliwatisha wote. Siku ya tatu alimpigia simu mkwewe mwenyewe. "Jumamosi, mwanangu," alimwambia. "Njoo na vifaa vyako. Ufunge hiyo mota."

Ijumaa jioni aliipangusa ile fimbo kwa kitambaa cha mafuta, yote, juu hadi chini, kisha akaenda kulala. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima alilala bila kungoja chochote. Hakulala usingizi wa mtu anayesikiliza kitanda. Alilala fofofo, mdomo wazi.

Jumamosi asubuhi mumewe alikaa ukingoni. Naye alikuwa na huzuni zake, hata chaki aliisahau mezani. Alichomoa kipande cha pamba kwenye nywele zake, kwa mazoea tu ya miaka mingi, akakipitisha chini ya vidole, pale pasipo na kitu.

Teke lilimpata mdomoni.

Lilifika kabla mwenye mguu hajaamka. Nyuma ya teke kikaja kicheko, kikubwa, kibaya, kisicho na mpangilio, na Mama Cheche akaamka ndani yake akishangaa ni nani anayecheka hivyo. Alimkuta mumewe sakafuni, ameshika mdomo, damu kidogo vidoleni.

"Nimefanya nini?" aliuliza.

"Rudia," mume alisema.

Akamtekenya tena, safari hii kutoka mbali, mkono umenyooshwa. Mama Cheche akapiga kelele na kuvuta mguu. Wakatazamana. Upande wa pili wa ukuta sufuria iligonga jiko, kwa kishindo cha mtu aliyengoja karibu mwaka.

Mkwe alipofika na bisibisi zake alimkuta mama mkwe wake kwenye mashine, bado na gauni la kulalia, mguu wa kulia mtupu juu ya ubao, kitambaa cha wifi kimefunguliwa. Wifi mwenyewe alikuwa ameshaitwa. Jiwe lilizunguka polepole, cheche zilikuwa chache, fupi, na Mama Cheche hakuzitazama kabisa. Alitazama ukuta. Kila baada ya muda mkono wake ulilegea kidogo, bila sababu ambayo mtu mwingine angeiona, kisha ukarudi. Aliendelea hivyo hadi jua likapanda juu ya bati, na rangi ya buluu ikapungua, ikawa uzi, ikaisha.

Wifi alichukua mkasi. Alitoa mfukoni kipande cha pamba ya kaka yake, akakilowesha, maana pamba mbichi ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, akakata mara moja. Vipande viwili vikaanguka bila hata unywele mmoja uliovutwa.

"Huu ndio mkasi wa mama," alisema. Alitaka kuongeza neno la kejeli, akashindwa, akaziweka pini zote mdomoni kwa mkupuo.

Mota haikupotea bure. Mkwe aliifunga kwenye mashine ya kuchambulia pamba ya baba mkwe wake, ambaye hakuwahi kuiomba, na sasa ana pamba kwenye nyusi vilevile. Lakini mchana ule fundi magodoro hakuwa na habari na mota. Mdomo wake wa juu ulikuwa umevimba kama andazi, naye aliuzungusha mtaa mzima. Aliupeleka buchani, akaupeleka kwa kinyozi, akaupeleka kwa jirani aliyekuwa bado anakunywa chai.

"Nani kakufanya hivyo?" wote waliuliza.

"Mke wangu," alijibu, akihakikisha wameuona vizuri. "Kanipiga teke. Na mguu wenyewe ni ule wa kulia."